Mara Nne kwa Dakika

Walifunga mlango tarehe tano Oktoba
kwa udongo, mawe, na mavi yao wenyewe,
kizibo kirefu kama mtu aliyelala.
Marmota kumi na wawili, binamu wa kidiri,
wamenona hata matumbo yanafagia njia.

Nuot alipanda na fimbo, akagonga ardhi.
"Wenyewe wamelala," akasema, kama mgeni aliyechelewa.
Zamani aliwawinda. Mafuta yao,
ndani ya kopo la biskuti,
ndiyo aliyomkandia mama yake magoti.
Siku hizi huja kusikiliza.

Nina kipokezi, na jike mmoja
mwenye chombo tumboni, kidogo kama harage.
Joto lake Septemba: thelathini na nane.
Leo: sita.
Moyo uliokimbia mara mia na ishirini
leo unapiga mara nne kwa dakika.
Nne, Nuot. Kati ya pigo na pigo
unaweza kuvua kiatu na kusahau ulikokiweka.

"Na utumbo?"
Umesinyaa. Hakuna anayepika,
ya nini kuacha jiko wazi?
Anajila mwenyewe, polepole, bila kujiuma:
mafuta ya maua ya Julai,
yale yasiyoganda haraka.

Nuot akashika kifua. Humo wamemtilia betri,
mara sitini, usiku na mchana, haijui msimu.
"Yangu," akasema, "haina ruhusa ya kulala."

Kila baada ya wiki mbili hivi
jike anajiwasha, sijui kwa kiberiti gani.
Joto linapanda hadi thelathini na nne.
Wanatetemeka, wanakojoa gizani,
wanajipanga upya, watoto katikati,
kisha wanazama tena.
Hapo ndipo akiba inapoteketea.
"Kumbe kulala ni rahisi," Nuot akasema.
"Kuamka ndiko ghali."

Februari theluji ilifika madirishani.
Siku tisa sikupanda.
Niliporudi nilimkuta jikoni kwake
akijaza kalenda namba za kubuni:
nne, nne, tano, nne.
"Nilihofia atakosa wa kumhesabu."

Aprili ishirini na mbili, theluji ikatoboka.
Pua nyeusi. Kisha yeye mzima,
ngozi imempwaya kama koti la kuazima.
Wengine wakafuata, mmoja mmoja, wakipepesa macho.
Nikahesabu kumi na mmoja.
Tukangoja hadi kivuli cha mlima kikatufikia miguuni.

Nuot alitoa kalamu,
akaitazama,
akairudisha mfukoni.