Deni kwa Orval Tiedemann

Orval, bado ninayo magombo yako kumi na moja,
juu ya kabati, ndani ya maboksi yao membamba,
na hukuyaandika popote.
Nilikuuliza, "Daftari liko wapi nitie sahihi?"
Ukasema daftari ni la anayetarajia kudhulumiwa.

Mgeni aliyefika Iowa mara ya kwanza
alidhani atasikia ng'ombe ndani ya zizi lile jekundu.
Alikuta piano kumi na tisa walipolala ndama,
kila moja na blanketi lake,
na jiko la kuni likinguruma Januari nzima
ili gundi isipasuke,
huku nyumbani Verna akipika amevaa makoti mawili.
Alilalamika, tena kwa sauti. Tusimfanye malaika.

Wewe hukujua kupiga hata wimbo mmoja.
Vidole vyako, viwili vimefupishwa na mashine ya mahindi,
vilijua kubandua ngozi kuukuu ya mivukuto,
kupapasa mirija, kutafuta pumzi inakovujia.
"Karatasi nzima ni bubu," ulikuwa ukisema.
"Inasema pale ilipotobolewa."

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.
Lakini moyo nao una gharama: trekta liliuzwa.
Piano moja ukaipeleka nyumba ya wazee,
nyingine kwa akina Saldívar, wageni wa kiwanda cha nyama,
ukaibeba kwa trela la nguruwe
na kila vuli ukarudi kuikaza nyuzi,
hutaki hata hela ya mafuta.

Jumamosi, baada ya makaburini,
binti mdogo wa Saldívar alikaa ukingoni mwa kiti
apate kuzifikia pedali, akakanyaga waltz yako ya kale.
Katikati pana kile kiraka:
risiti ya mbegu, mwaka wa mafuriko,
uliyobandika ukaziba na matundu matatu yasiyo na kosa.
Piano ikasita.
Tukasita nasi, vikombe vya kahawa hewani.
Kisha ikaendelea, kama mtu aliyekumbuka
alichokuja kukichukua chumbani.

Fundi mmoja wa Chicago alijitolea kukibandua.
Verna akamwongeza keki, akamwuliza habari za barabara.

Sasa haya magombo, nimrudishie nani?
Jana jirani aliniomba mawili.
Nikatoa kalamu mfukoni,
nikaitazama,
nikaitumia kukorogea chai.