Uzi wa Dhahabu

Meja Lukumay kaniletea jedwali jana jioni,
karatasi moja imekunjwa mara nne.
Kaitandaza juu ya cherehani, hapa Kaloleni,
kasema: Mama Ndeanasia, wageni ni wa nchi tisa,
kesho usiku wanakula pamoja,
na kila kiti lazima kijue mkaaji wake.
Vitambaa vya meza thelathini na viwili.
Cheo kwanza, jina baadaye.
Uzi wa dhahabu, kasema. Na usikosee.

Baridi ya Julai, Meru imejifunika gubigubi.
Nikavaa miwani, nikasoma
kama shangazi anayekagua orodha ya mahari.

Luteni Usu, Luteni, Kapteni, Meja:
hawa nawajua, nimewapunguzia suruali
tangu wakiwa makuruta pale Monduli.
Lakini ukivuka mstari mambo yanageuka.
Kuna nchi Kapteni ana nyota tatu,
kuna nchi ana vijiti viwili tu, kama kumi na moja ya ubaoni,
na kuna nchi, kati ya Kapteni na Meja,
wamemchomeka mtu aitwaye Kapteni Komandanti,
mithili ya kitinda mimba aliyekuja majina yameshakwisha.
Na Kapteni wa majini si Kapteni kabisa:
ni Kanali aliyelowa.

Kilichonishinda ni nyota.

Nyota moja, hapa kwetu,
ni kijana ambaye buti bado zinambana,
juzi tu ametoka kwenye gwaride,
mama yake anatembea na picha mkobani.
Mkoba ni huu. Kijana ni Godlisten wangu.
Nyota moja, kwa mgeni wa kiti cha nne,
ni Brigedia Jenerali:
magari mawili, mpambe,
na mtu wa kumshikia mwavuli hata jua likiwa limezama.
Kwangu mimi bei ni ile ile.
Nyota ni nyota, inakula uzi sawasawa.

Nikamuuliza Meja: wakisimama bega kwa bega,
nani ampigie nani saluti?
Akacheka mpaka kofia ikacheza.
Mama, ndiyo maana kuna jedwali.
Usiangalie bega. Fuata mstari.

Alipoondoka nikaufuata mstari kwa kidole,
na kidole, sijui kilitumwa na nani,
kikaanza kumtafuta babu.

Babu Anaeli wa Poli
alirudi Burma na sikio moja linalosikia,
akakaa usajini miaka mingi,
hadi mwishoni mwishoni, Waingereza wakijua wanaondoka,
wakamvisha cheo kipya: Efendi.
Juu ya sajini meja wote.
Chini ya kila Luteni wa Kizungu,
hata yule aliyeshuka melini wiki iliyopita
hajui kuomba maji.
Messi ya maofisa si yake,
messi ya masajini si yake tena.
Bibi alisema alizoea kula amesimama.
Koti lake lililala kwenye sanduku la bati,
na sisi watoto tulilivaa tukicheza harusi.

Nimeshuka safu zote tisa, nikapanda tena.
Nimegeuza karatasi, nyuma nyeupe.
Kuna Komandanti, kuna Aliyelowa,
kuna nyota ya mtoto na nyota ya jenerali.
Efendi hayumo.
Hakuna nchi iliyosimamishwa kando yake
ikaambiwa: huyu, kwenu, ni nani?

Saa saba usiku umeme umekatika.
Nimemalizia kwa tochi ya simu,
nikijichoma kidole kwenye herufi K ya Kanali.

Asubuhi Meja atakuja kuhesabu.
Atafika thelathini na mbili, atakuta kimoja zaidi,
neno moja, halina jina mbele wala nyuma.
Ataniangalia.
Nitamwambia uzi ulibaki.