Jumatano Ni ya Nani

Mvua ya Valdivia haiulizi ni wiki ya nani.
Inanyesha kwangu, inavuka daraja, inanyesha kwa Ximena,
na katikati ya daraja inamkuta Amparo,
miaka minane, mkoba mgongoni,
buti la kushoto limetoka kwangu, la kulia kwa mama yake,
kwa kuwa jana tulifungasha gizani.

Mimi ni mwokaji. Saa nane za usiku nakanda unga.
Ximena ni muuguzi, zamu zake huzunguka kama pia.
Basi tuna kalenda:
bluu siku zangu, njano siku zake,
na Jumatano ya kijani
ambayo mwanasheria aliiandika “kwa makubaliano”,
maneno mawili, ya watu wawili
ambao wangejua kukubaliana
wasingemlipa mwanasheria.

Agosti ikaja fomu.
Mwaka ujao asome wapi:
ng’ambo, jirani na hospitali,
penye maabara na kwaya na ada ya kukausha koo,
au hapa mtaani, chini ya bati linalovuja,
ambapo mwalimu Hortensia anajua
kwamba Amparo akinyamaza ana njaa.
Chini kabisa, mistari miwili ya sahihi.
Sijawahi kuona mistari iliyo mbali hivyo
kwenye karatasi moja.

Tulikutana kwenye mkahawa wa soko la samaki.
Nyuma yetu simba wa bahari waligombana kwa sauti,
sisi kwa adabu.
Nilikuja na hoja. Alikuja na hoja, na kalamu.
Nikasema: ada.
Akasema: nusu yangu ninayo, na robo ya nusu yako.
Nikasema: umbali.
Akasema: umbali kutoka wapi, Leandro?
Nikakoroga kahawa isiyo na sukari.
Nilikuwa nimepima kutoka mlangoni kwangu,
hatua kwa hatua, kwa uaminifu wote,
kana kwamba mtoto ana mlango mmoja.

Hatukuamua siku ile.

Wiki iliyofuata mwalimu aliniita, akanipa daftari.
Zoezi: chora ratiba ya wiki yako.
Wengine walichora kengele, mpira, saa ya kulala.
Wa kwangu aliandika, bila bluu, bila njano:
*Jumatatu filimbi iko kwa baba.
Jumanne kitabu cha sayansi kiko kwa mama.
Jumatano niko kwa bibi Nélida
kwa sababu hawajaelewana. Kuna supu.*
Pembeni, alama ya vema, wino mwekundu.
Mwalimu alikuwa amesahihisha herufi moja tu.

Nililipiga picha ukurasa ule, nikamtumia Ximena.
Hakujibu.
Saa tisa usiku, mikono yangu ndani ya unga,
simu ikawaka: *Hiyo supu ni ya nini?*
Nikaandika kwa kidole cheupe: *Maboga, nadhani.*
Ndiyo mazungumzo yetu marefu ya mwaka
yasiyotaja tarehe.

Kuna mambo mtu huyatetea mpaka yanamchoka yeye.
Nilivuka daraja mchana, nikanunua filimbi ya pili,
ya plastiki, rangi ya mchaichai.
Jioni nikaambiwa Ximena naye amenunua.
Sasa zipo tatu, na moja tayari imepotea.

Fomu ingali juu ya friji yangu,
sahihi yake kwenye mstari wa kwanza,
hajajaza jina la shule.
Sijui ni imani au ni mtego.
Mwisho ni Ijumaa.

Lakini leo, saa tisa na nusu, lango likafunguliwa,
nami nilikuwa chini ya mwavuli wangu,
naye, bado na sare ya zamu, chini ya wake,
kila mmoja akiamini kijani ni rangi yake.
Amparo akatoka, akasimama kwenye ngazi,
akatutazama mmoja, akatutazama mwingine,
uso ukamsawijika:

“Nani anaumwa? Ni bibi?”

Hapana, mwanangu, tukasema,
kwa mara ya kwanza bila kupangana.
Ni Jumatano tu.