Upande Huu wa Meza

Orodha ilizunguka wiki ya kwanza ya Desemba.
Mjomba Ndahani: mbuzi wawili.
Kwa Perisi: pilau, nyama isiwe ya kutafuta kwa tochi.
Hagai: maziwa mgando vibuyu vitatu,
na soda kreti mbili, mshahara ukiwahi.
Mbele ya jina langu paliachwa wazi.
Nikaandika: vyungu.
Vyungu vya nini?
Mtaviona Veyula.

Mwaka jana nilimwona Nyemo,
miaka saba, gauni la manjano, soksi mpya,
kakaa juu ya kreti tupu
anakula wali mweupe kwa chumvi.
Maziwa humvimbisha midomo.
Nyama, hata tone la mchuzi wake,
humtoa vipele mpaka nyuma ya masikio.
Kila aliyepita alimwachia pole.
Pole zikajaa sahani.

Basi nimeanza tangu juzi.
Choroko nimezichambua mara mbili,
maana kijiwe kimoja huharibu sikukuu ya mtu mwenye jino bovu,
na ukoo wetu meno ndiyo umaskini wetu.
Njugu mawe zilikataa kuiva saa tatu nzima.
Nikazisema kwa Kigogo. Zikaiva.

Boga nimelikata vipande vinene na ganda lake,
liive na mvuke, lisilegee.
Karanga nimezitwanga, nikazikamua kwa maji ya moto,
nikachuja kwa kitambaa cha kanga ya zamani.
Tui lile, ukilitazama kwa haraka,
utaapa limetoka kwenye kiwele.
Halina ng'ombe hata wa jina.

Na ilende.
Ile tuliyoianika Machi juu ya bati,
ikasinyaa, ikawa nyeusi kama majani ya chai.
Mama aliiita mboga ya kufungia mlango.
Mwaka ule zizi la babu lilipokwisha,
leo ndama, kesho mtamba, kesho kutwa kimya,
tuliila asubuhi, tukaila jioni,
na mgeni akibisha hodi
chungu kilisukumwa chini ya kitanda.
Leo nimekibeba mchana kweupe,
nimekifunga kanga ambayo haijaguswa maji,
nikaketi nacho mapajani toka Nkuhungu
kama mtu aliyepakata mtoto wa kubatizwa.

"Mbukwenyi!"
Mjomba Ndahani hakungoja hata nivue viatu.
Akafunua kifuniko, akafunua cha pili.
"Sikukuu, nawe unatuletea majani?
Majani anakula ng'ombe. Sisi tunamla ng'ombe."
Wakacheka mpaka aliyekuwa anachuna mbuzi akasimamisha kisu.
Nikamwambia: "Basi mimi nimeifupisha safari."

Vyungu nikavipanga mwisho wa meza, mbali na pilau.
Miko yake nimeifunga uzi mwekundu kwenye mpini
isije ikatembea.

Nyemo alikuja polepole, mikono nyuma.
"Shangazi, hii ninaweza?"
Hiyo.
"Na hii?"
Na hiyo.
"Na ile yenye mafuta juu?"
Alizeti tu. Yote, mama. Upande huu wote wa meza.
Hakusema kitu. Akavihesabu kwa kidole,
akarudia kuvihesabu toka upande mwingine,
kama mtu wa benki anayeogopa kosa.

Alikula ugali wa uwele na ilende
mpaka mkono ukang'aa utelezi kwenye kiwiko.
Na soksi. Tusiseme habari za soksi.

Mbuzi ni wawili, watu ni arobaini na kitu.
Jua lilipogeuka, mfupa ulikuwa umeshapita mikononi mwa wengi,
nikamwona Mjomba anakuja upande wetu
na tonge mkononi, hana haraka, anatazama mawingu
kana kwamba mvua ndiyo iliyomleta.

Nyemo akafunika chungu kwa viganja viwili.
"Babu, hiki kina karanga na majani tu.
Wewe utaweza?"

Mjomba akatazama tonge. Akanitazama mimi.
Nikaanza kukunja kanga iliyokuwa tayari imekunjwa.

"Nitajaribu," akasema.
Nyemo akaondoa kiganja kimoja.