Kisicho na Uzito

Miaka thelathini na mmoja nimekaza springi
kwa Rieflin na Wanawe, mji mdogo wa Swabia
ambako watoto hujua gramu kabla ya alfabeti.
Mizani yetu ilikuwa ya chuma, kilo kumi na nne;
mwenye bucha akiinunua mwaka wa harusi yake
aliirithisha. Huo ndio uliokuwa mkakati wetu wote:
tengeneza kitu kisichokufa,
halafu subiri wanunuzi wazaliwe.

Washindani tuliwafahamu hadi majina ya mbwa wao.
Kina Dannecker, ng'ambo ya mto, walipotoa sahani ya kioo
nasi tukatoa ya kioo. Walipopunguza marki mbili
mzee Ottmar Rieflin alikohoa, akapunguza tatu.
Vita ya majirani ina adabu,
ina saa yake ya chakula cha mchana.

Kisha wakaja wasio na mbwa.
Vijana sita wa Leipzig, chumba kimoja juu ya duka la baiskeli,
hakuna kati yao aliyewahi kushika bisibisi.
Mizani waliagiza mbali, nyepesi kama sinia la plastiki,
wakaigawa bure. Bure!
Ottmar alicheka mpaka miwani ikaanguka:
"Anayegawa bure hana anachouza."

Waliuza tusichojua kuwa tunacho:
kwamba Alhamisi, saa kumi na moja jioni,
mtaa mzima hununua ini;
kwamba mvua ikinyesha soseji nyeupe hulala;
kwamba Häfele hukata nyama nene mkono ukichoka.
Kila kipimo kilikuwa neno, na sisi miaka sitini
tuliyaacha maneno yaanguke sakafuni
pamoja na unga wa mifupa.
Mali bila daftari huisha bila habari.
Tuliyaweka madaftari ya skrubu tu.

Dannecker walifunga Machi.
Mbwa wao tukamchukua sisi.

Ndipo Hannelore, binti wa Ottmar, akamwajiri Tuğba Erdinç,
akampa meza kwenye stoo ya nati, penye joto.
Sikumpenda. Aliniuliza kama daktari:
springi hufanya nini Julai, saa nane mchana,
jua likipiga dirisha la duka?
Hufanya kazi yake, nikasema.
Wiki ya tatu akanionyesha mstari kwenye skrini:
kwenye joto springi yangu hulegea, huongeza gramu mbili.
Gramu mbili, majira yote ya joto, miaka thelathini na mmoja,
kwa wajane wanaonunua gramu mia.
Akaandika mistari arobaini, kosa likatoweka.
Mchana ule sikula.

Msimsifu haraka. "Msimbo nao una mizani yake," alikuwa akisema,
"nukta moja ikikosewa, shairi zima chini."
Jumatatu moja ya Novemba
toleo jipya lilishuka usiku kama umande,
na kulipokucha mizani mia tatu na kumi na mbili,
kutoka Ulm hadi Konstanz, zilikataa kufunguka.
Häfele akapiga simu: "Foleni imefika barabarani,
na kitu chako kinaniomba nywila."
Nilimpelekea mawe ya shaba ya babu yake Ottmar,
yakigongana kwenye buti la gari.

Sasa mwenye bucha hanunui, anapanga,
kama anavyopanga nyumba. Na sisi tunawalipa wengine
mahali pa kuweka hesabu zetu,
nao sijui wanamlipa nani.
Mishahara inatoka. Hilo lazima niliseme.

Jana usiku, jikoni, nikaweka simu yangu
juu ya mizani ya zamani, ile namba saba,
aliyoirudisha mjane wa Sigmaringen.
Gramu mia moja sabini na nne.
Nikasubiri toleo jipya lishuke, lote, hadi mwisho.
Nikaiweka tena.
Sindano haikusogea hata unywele.
Kiwanda cha Dannecker ni ghala la magodoro,
vijana sita wa Leipzig wamekuwa mia nne,
na sindano haikusogea.

Nikaipima mara ya tatu.