Njia ya Kurukia

Baruti ililia saa nne asubuhi,
na kilima nyuma ya nyumba ya Nivi
kikawa kokoto.

Mhandisi kutoka Denmaki alikunjua ramani:
hapa abiria, hapa mnara, hapa mizigo.
Nivi akagusa penye mizigo.
"Hapa mama alichuma vitunda vyeusi."
Hakuna aliyeandika.

Si kwamba alipinga.
Februari ile, ukungu ulipoifunga helikopta
ng'ambo ya fiodi, siku sita
alihesabu pumzi za Aputsiaq, mumewe,
kama mtu anayehesabu chenji
akijua tangu mwanzo haitoshi.
Kawia ufike, husemwa.
Ilikawia.
Ilifika, siku ya saba.
Siku zile, angeuliza mtu,
angevitoa vilima vyote vya Grinlandi.

Sasa lami imekauka.
Ndege ya kwanza imeshusha waziri,
wapigapicha, masanduku ya nyanya.
Watoto wanapunga mikono hata kwa nyanya.

Nivi amesimama kwenye uzio na ndoo tupu,
mpaka baridi imrudishe nyumbani.
Anafungua mlango, anasita:
pale kilima kilipokuwa
jua la saa tisa limepita moja kwa moja,
limeingia jikoni
ambako halijawahi kuingia,
limekaa kwenye kiti cha Aputsiaq,
linaonyesha vumbi.