Sakitu

Chumba cha kufungia vidonda kiko mwisho wa korido,
mlango wake unajua kulia kabla ya mgonjwa.
Dirishani Loleza imejifunika ukungu hadi shingoni.
Edina Tweve, miaka tisa, wa Makete:
sufuria ya uji wa ulezi ilimmwagikia
kutoka pajani hadi kisigino.
Leo bandeji ya kumi na moja. Anahesabu bandeji, si siku.

Namvika ile miwani mizito.
"Kaza kidogo, sista, inateleza."
Nabonyeza. Huko ndani, najua, theluji inaanza kuanguka
juu ya nchi iliyochorwa na mtu asiyejua Makete iko wapi,
na ndege wafupi wasioruka wanapita mstari mmoja.
"Wamevaa kama wazee wa kanisa," anasema.
Namimina maji ya chumvi. Shashi inaanza kubanduka.
Mguu unatetemeka, mdomo unacheka,
viungo viwili vya mtoto mmoja, kila kimoja na nchi yake.

"Sista, hii si sakitu ya Kitulo?
Mwezi wa sita, alfajiri, ukikanyaga nyasi zinalia kwach,
na viazi vya baba vinaungua kwa baridi,
majani yanakuwa meusi kabisa kama yamepitiwa na moto."

Kuungua kwa baridi.
Koleo langu limebaki hewani.

Tumefika nusu ya goti, kioo kinazimika.
Betri. Nilisahau kuichaji jana usiku, mimi Lugano,
nisiyesahau hata nani ana deni langu la chai.
Nashika mkanda nimvue. Nangoja kilio.
"Usiitoe."
Anameza mate.
"Niko nyumbani sasa. Mtu amefungua zizi.
Kondoo wanatoka, pua zao zinafuka moshi.
Wewe endelea, mimi nawahesabu."

Naendelea.
Analia, ndiyo, sitaandika hapa kwamba hakulia.
Analia huku akihesabu, anaruka kumi na tatu,
anarudi kumchukua.

Kwenye daftari la wodi kuna safu ya maumivu, moja hadi kumi.
Nimeandika saba.
Pembeni, kwa penseli, mahali daktari hasomi:
kondoo ishirini na wawili, wote wamepita.